Ndevu za Gurudumu la Kushoto

Gari la baba halina tatizo, lina tabia. Hiyo ni kauli ya baba mwenyewe, na ukimwambia lina tatizo anakutazama kama umemtukana marehemu mama yake.

Tabia yenyewe ni hii. Ukikanyaga breki, gari likiwa limebakiza kidogo tu lisimame, pedali inaanza kunguruma chini ya mguu. Grrr. Inausukuma unyayo wako kama vile kuna mtu amejificha humo chini na hataki kukanyagwa. Halafu gari linasimama, ila mbele kidogo ya pale ulipotaka wewe. Si mbali. Kwa mtu anayekwenda sokoni hiyo si habari. Kwa mtu aliye kwenye mtihani wa udereva, na mstari mweupe umechorwa chini, na mtahini ameukodolea macho, hicho kidogo ndicho chenye maisha yako yote.

Baba ni mwalimu wa udereva. Ana shule. Ukisikia shule usianze kufikiria majengo na kengele. Shule ni hilo gari moja, lililonizidi umri, lenye kibao juu ya paa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu. Wanafunzi wake wote anawaambia mapema, "Likinguruma, kaza mguu. Linakusalimia tu." Wanakaza, wanafaulu, wanaenda zao. Wote. Isipokuwa mmoja, na huyo ni dada yake wa tumbo moja.

Shangazi anatengeneza mageti. Anakata chuma, anachomelea, anasaga kwa grinda, anapaka rangi, geti linaondoka. Karakana yake ni ua wetu. Amefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, na kama una geti mtaani kwetu na linafunga bila kulipiga teke, basi ni la shangazi. Tatizo la kazi hiyo kwake lilikuwa moja: grinda ikitetemeka vibaya mkononi, maana yake diski inataka kupasuka, na diski ikipasuka haichagui inapokwenda. Kwa hiyo unaachia. Hufikirii, hujiulizi, unaachia kwanza halafu ndipo unakumbuka jina lako. Shangazi bado ana macho mawili kwa sababu ya kuachia haraka.

Sasa mweke mtu huyo kwenye gari ambalo pedali yake inatetemeka kama grinda.

Siku aliyoanguka mtihani mara ya pili nilikuwa uani nikifua viatu ambavyo havikuwa vichafu. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na ukiwa unasubiri matokeo nyumbani kwetu wewe si mtu, wewe ni wa kutumwa. Ni afadhali uonekane unafua. Gari likaingia, baba akalipaki pale pale panapopakiwa siku zote, ubavu wa kushoto karibu na sehemu ya kazi ya shangazi, akakata usukani hadi mwisho matairi yaangalie ukuta. Ua wetu umeinama, na baba anafundisha kwamba kwenye mteremko matairi lazima yaangalie ukuta, hata kama mteremko wenyewe hauwezi kuviringisha chungwa.

Hawakushuka mara moja. Wakabishana humo ndani, vioo vikiwa wazi.

"Nilikwambia nini?" baba akasema.

"Kaza mguu."

"Ukafanya nini?"

"Kaka, mguu umejiondoa wenyewe."

"Mguu wa nani?"

"Wangu."

"Basi ongea nao. Mimi nikiongea nao hawanisikii."

Shangazi akashuka, akapiga mlango, akanipita bila kunitazama, akaenda kukaa juu ya rundo la vyuma vyake. Mama akatoka na kikombe cha chai. Hao wawili wanaitana wifi na wanapendana kuliko baba anavyopenda.

"Pokea chai, wifi. Angalia, ya moto sana."

Shangazi akakishika kikombe, si mpini, kikombe chenyewe, kwa vidole vyote. Akakaa nacho hivyo hivyo. Mama akamwangalia vidole. Mimi pia nikamwangalia vidole. Chai ilikuwa inafuka moshi.

"Wifi, hukisikii hicho?"

Shangazi akakitazama kikombe kama ndiyo kwanza amepewa. "Sikisikii," akasema. "Tangu juzi hata kitasa sikisikii."

Ni ile grinda. Miaka yote ya kutetemeshwa imemfisha ganzi vidole, kimoja kimoja. Wiki mbili kabla ya hapo iliwahi kumponyoka ikiwa inazunguka, ikakata mguu wa kiti cha mama. Kiti tulikicheka. Lakini daktari hakucheka. Alimwambia aache grinda sasa, la sivyo ganzi haitarudi ilikotoka. Ndiyo maana ya hii leseni. Mwenye duka la mikate alikuwa anatafuta dereva wa kusambaza mikate asubuhi, na alikuwa radhi kumpa shangazi ufunguo, ila si bila leseni, na si baada ya Ijumaa. Ijumaa ikipita ufunguo unakwenda kwa shemeji yake, ambaye ana leseni na hana sifa nyingine.

"Mtihani mwingine lini?" mama akauliza.

"Alhamisi," baba akajibu kutoka garini. "Na Alhamisi akaze mguu."

Mnaweza kuuliza, kwani hilo gari halitengenezeki? Nami niliuliza. Sasa sikilizeni jinsi lilivyokuwa limetufunga. Gari hilo lina ABS. Ni mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu. Lenyewe linakamata na kuachia, linakamata na kuachia, haraka haraka, na huko kukamata na kuachia ndiko unakokusikia mguuni. Kwenye dashibodi kuna taa yake ya njano. Taa ikiwaka, ABS imejizima, na breki zinabaki za kawaida, kimya, laini kabisa. Taa ikizimika, ABS iko kazini, na pedali inanguruma. Kwa maneno mengine gari letu lilikuwa zima pale tu lilipokuwa linasema ni bovu.

Basi baba aliwahi kuchomoa fyuzi ya ABS. Taa ikawaka moja kwa moja, breki zikawa tamu. Akampeleka shangazi kwa mtahini.

Huyo mtahini ni mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka wala akijikuna. Akachungulia dashibodi. "Taa hiyo."

"Ni pambo," baba akasema.

Wakarudishwa. Safari iliyofuata baba akaifunika taa kwa kipande cha utepe mweusi wa umeme. Mtahini akasema, "Washa." Taa zote zikawaka kama inavyotakiwa unapozungusha ufunguo. "Ya ABS haijawaka."

"Haina sababu ya kuwaka, mheshimiwa. Ni nzima."

"Kila taa huwaka kwanza ndipo izimike. Isiyowaka imekufa au imefunikwa." Akaingiza ukucha, akaubandua ule utepe, na kwa kuwa hapakuwa na pipa la taka akaubandika kwenye mfuko wa shati la baba. Baba alirudi nao nyumbani. Hakuwa na habari hadi mama alipomuuliza kama amepata cheo.

Kwa hiyo fyuzi ilirudishwa mahali pake, na ujanja ulikuwa umekwisha. Ilibidi gari lipone kweli. Siku ile ile nikaacha kufua, nikaenda kumwita Sikio.

Sikio ni fundi magari, na anaitwa Sikio kwa sababu anatibu kwa kusikiliza. Akafika, akavua kofia, akalaza sikio juu ya boneti, akafumba macho.

"Fundi, injini haijawashwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nasikia vizuri."

Akasikiliza mpaka baba akaanza kuona aibu mbele ya majirani. Halafu akatamka kwamba ni pedi za breki. Tukabadilisha pedi. Tukajaribu gari barabarani: grrr. Akasema basi ni upepo umeingia kwenye mafuta ya breki. Nikakaa garini nikikanyaga na kuachia, yeye chini akifungua na kufunga, "Kanyaga! Shika! Achia!", mpaka mguu wangu ukawa na misuli ambayo mwenzake hana. Tukajaribu: grrr.

"Hapo sasa," Sikio akasema, akajifuta mikono, "itabidi tuliulize lenyewe."

"Tuliulize nini?" baba akauliza.

"Linaumwa wapi."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Sikio, maana kumbe kuna njia. Magari ya umri ule hayahitaji kompyuta. Kuna kisanduku cha plagi chini ya boneti; unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili, unazungusha ufunguo, na ile taa ya ABS inaanza kukonyeza. Inakonyeza mara kadhaa, inatulia, inakonyeza tena. Hiyo ni namba, na kila namba ina ugonjwa wake. Sikio namba zote anazo kichwani, kitu pekee ambacho hakukipata kwa sikio.

Tukajazana mlangoni wote, tukahesabu. Baba akapata namba yake, shangazi akapata yake, Sikio akapata ya tatu.

"Kaka, umehesabu na pumziko."

"Pumziko ni sehemu ya hesabu."

"Tangu lini?"

"Mimi ni mwalimu!"

"Wa gia!"

Nikawaambia nyamazeni, nikahesabu kwa kugonga boneti kila inapokonyeza, taratibu, mara tatu nzima. Namba ikatoka ile ile. Nikamtajia Sikio. Akafumba macho kama anasikiliza redio ya mbali.

"Mbele, kushoto," akasema. "Sensa ya gurudumu."

Sensa ni kidude kama kizibo, kimechomekwa nyuma ya gurudumu, kinatazama pete ya chuma yenye meno. Gurudumu likizunguka, meno yanapita mbele yake, nacho kinaupelekea ubongo wa ABS habari: tunazunguka, tunazunguka, tunazunguka. Kikiacha kusema, ubongo unadhani gurudumu limeganda, unaanza fujo. Cha kwetu, gari likiwa kwenye mwendo kilikuwa kinasema vizuri. Likipunguza mwendo karibu kusimama, sauti yake ilikuwa inafifia, na ubongo unapandwa na wazimu.

Sikio akaleta sensa nyingine kutoka kwenye gari lililokufa kwa ajali ya nyuma, akaniambia mbele hapakuguswa hata kidogo. Akaichomeka, ile ya zamani akaitupa kwenye kopo lake la misumari. Tukajaribu. Kimya. Baba akachora mstari kwa chaki barabarani, shangazi akaja, akakanyaga, akasimama juu ya ncha ya mstari kama kuku juu ya uzio. Akafanya tena. Akafanya mpaka akaanza kuringa, anasimama huku anatazama pembeni. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nyumbani tulikula kwa furaha. Baba alisema siku zote alijua ni sensa.

Jumanne shangazi alikuwa na geti la daktari wa meno la kumaliza. La mwisho, alisema, na lazima aliheshimu. Kutwa nzima grinda ililia uani, cheche zinaruka, mimi ndani na vidole masikioni. Jioni akaoga, akaingia garini na baba wafanye mazoezi mawili matatu ya kupashia mguu.

Nilisikia kutoka jikoni. Si gari. Baba.

"Kaza mguu! KAZA!"

Mstari wa chaki ulipitwa. Pedali ilikuwa imerudi kwenye tabia.

Sikio akaitwa. Akaja, akalaza sikio, akainuka na uso wa msiba. "Hata hii imekufa."

"Imekufa na nini?" nikauliza. "Ina siku moja."

"Huzuni," akasema. "Vitu vya magari ya ajali huwa na huzuni." Halafu akaona tunavyomtazama, akaongeza kwamba au labda ni nyaya, na kama ni nyaya itabidi afumue zote kutoka mbele hadi nyuma, na hilo ni la wiki nzima.

Wiki nzima ilikuwa upande wa pili wa Ijumaa. Shangazi alikwenda kulisimamisha geti la daktari wa meno ukutani, akaanza kulipiga msasa kwa mkono, mahali ambapo lilikuwa limeshapigwa msasa.

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kukaa. Mama anasema nilipokuwa tumboni nilikuwa nikigonga. Jumatano asubuhi, baba amekwenda kumwomba mtahini asogeze tarehe, jambo ambalo ni sawa na kuomba ukuta usogee, nikatoa jeki, nikainua gari, nikavua gurudumu la mbele kushoto. Nia yangu ilikuwa nichomoe sensa nikamrudishie Sikio na huzuni yake.

Nikaichomoa. Ilikuwa na ndevu.

Sitanii. Kile kizibo ncha yake ni sumaku, kumbe, na kwenye ncha hiyo zilikuwa zimeota ndevu nyeusi, nene, zimesimama wima. Nikazigusa. Zikasogea zote kwa pamoja. Ulikuwa unga wa chuma. Zimejaa hadi kile kidude hakiyaoni tena meno ya pete, labda kinayahisi tu kama mtu anayetazama mpira kupitia blanketi.

"Shangazi," nikaita. "Hebu njoo."

Akaja, akachukua ile sensa, akaigeuza juani. Akatema mate kwenye kidole, akafuta upande mmoja. Kulikuwa na vichembe vya bluu.

"Hii ni rangi ya daktari wa meno," akasema. "Ile ya zamani ya geti lake. Niliisaga jana nzima."

Nikakimbia kwa Sikio, nikarudi na ile sensa ya kwanza, ikiwa na msumari mmoja na nati mbili zimeing'ang'ania. Ndevu zake zilikuwa za miaka. Shangazi akakaa chini, akaanza kuzichambua kwa ncha ya bisibisi, tabaka kwa tabaka, bila haraka.

"Hii nyekundu ni geti la shule ya chekechea. Hii ya kijivu ni la yule mwenye mbwa, ambaye hakutaka likwaruze. Hii hapa yenye kutu…" Akaikwangua taratibu. "Hii ni dirisha la kwanza kabisa nililofanya hapa uani. Lile la jikoni kwenu."

Sasa ukifikiria, ilikuwa lazima. Baba anapaki na usukani umekatwa hadi mwisho, kwa usalama wa mteremko usiokuwepo. Tairi la kushoto linakuwa limetoka nje, tumbo lake la ndani liko wazi. Na shangazi, ambaye hajawahi kununua meza ya kazi, anaegemeza vyuma vyake kwenye tairi hilo hilo, maana ni imara na halitelezi, halafu anavisaga. Cheche zote za maisha yake ziliingia humo. Kila geti alilotengeneza lilimwongezea baba tabia kwenye gari.

Baba akarudi, tarehe haikusogea. Tukamwonyesha. Akatazama sensa, akatazama tairi, akatazama grinda.

"Kwa hiyo," akamwambia dada yake, "umejiangusha mwenyewe. Mara mbili."

"Na nani anapaki matairi yamepinda, kaka?"

"Ni usalama."

"Ungeyanyoosha ningeegemeza wapi?"

"Kwani mimi nilijua unaegemeza?"

"Miaka yote hiyo ulidhani vyuma vinasimama vyenyewe?"

Mama akatokea dirishani, lile la kutu, akawaambia wanyamaze, mtoto asafishe. Nikachukua ule utepe mweusi wa umeme wa baba, nikaubandika kwenye ndevu za sensa ya pili na kuubandua, nikabandika na kubandua, ukazitoa zote hadi sumaku ikang'aa. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo utepe ule uliwahi kuifanya kwenye gari hilo. Nikafuta na pete yenye meno, nikarudisha kila kitu. Shangazi akahamisha grinda, nguzo na ndoo ya rangi hadi ukuta wa mwisho, baba akapaki matairi yakiwa yamenyooka, akasimama nyuma ya gari kwa muda akilinda lisiviringike. Halikuviringika.

Tukajaribu mstarini. Kimya. Mara ya pili, kimya.

Lakini Sikio, aliyekuwa amekuja kudai nati zake mbili, akaharibu. "Na breki ya ghafla mmefanya?"

"Kwani kuna nini?"

"Pale uwanja wa mtihani si kokoto? Atakimbiza, mtahini atagonga dashibodi, atakanyaga yote. Kwenye kokoto, ABS ikiwa nzima, lazima ingurume. Hapo si ugonjwa. Hapo ndiyo inafanya kazi yake. Isiponguruma ndiyo mniite."

Kumbe mara zote mbili hakuwahi kufika kwenye breki ya ghafla; alikuwa anaishia mstarini. Tukaenda kwenye njia ya kokoto nyuma ya maghala. Baba akagonga dashibodi. Shangazi akakanyaga, pedali ikanguruma kwa haki yake yote, na mguu ukaruka juu kama umeungua. Gari likapita, baba akalisimamisha kwa pedali yake. Tena. Mguu juu. Tena. Mguu juu.

"Gari limepona," baba akasema kwa upole, na baba akiongea kwa upole ujue amekata tamaa. "Aliyebaki ni wewe."

Jua lilikuwa linaisha. Shangazi alikaa na mikono juu ya usukani, vidole vimetawanyika, hajui hata kama ameushika.

Mimi niko kiti cha nyuma, siwezi kukaa kimya pia. "Shangazi, hakuna mashine inayotetemeka na huachii?"

"Ipi?"

"Si mimi fundi. Yoyote."

Akafikiri. "Drili," akasema. "Ile ya kutoboa zege, ya kufungia nguzo za geti ukutani. Hiyo ikitetemeka ndiyo inaingia. Ukiiachia inakuzungusha mkono, inakuvunja. Hiyo unaikandamiza na tumbo."

Baba akawasha taa za mbele, maana giza lilikuwa limeshaingia, na gari la shule haliruhusiwi mazoezi gizani. Tukarudi nyumbani. Njia nzima midomo ya shangazi ilikuwa inacheza.

Alhamisi mtahini akachungulia dashibodi. "Washa." Taa zote zikawaka. Akapitisha kidole juu ya ile ya ABS kutafuta utepe. Zikazimika zote. Akaonekana kama mtu aliyenyimwa kitu. "Twende."

Mimi na baba tulisimama nje ya uzio. Mstarini shangazi akasimama safi, nyuma ya rangi nyeupe, karibu kiasi kwamba ungeweza kulaza penseli katikati. Baba akatoa pumzi, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa bado umekandamiza udongo. Nilipotazama chini ulikuwa umechimba shimo.

Gari likazunguka, likaingia kwenye kokoto, likashika mwendo. Vioo vilikuwa wazi, tukasikia kila kitu. Tukasikia kiganja cha mtahini kikipiga dashibodi: pa!

"DRILI!" shangazi akapiga kelele.

Gari likanguruma lote, kokoto zikaruka, pua ikainama chini, na likasimama limenyooka kama rula. Kofia ya mtahini ikagonga kioo cha mbele, ikaanguka miguuni pake. Vumbi likawapita, likaenda zake.

Mtahini akamgeukia shangazi.

"Umesema nini?" mtahini akauliza.

"Nimesema nimesimama."

"Nilisikia drili."

"Ni lugha ya kazini, mheshimiwa."

Mtahini akatazama mbele, akatazama mguu wa shangazi, ambao bado ulikuwa umekandamiza pedali hadi sakafuni na haukuwa na dalili ya kutoka. "Unaweza kuachia sasa," akasema.

"Bado kidogo."

Akasubiri. Halafu akainama, akaokota kofia yake mwenyewe, akaikung'uta. "Umefaulu," akasema, kwa sauti ile ile aliyosemea, "Taa hiyo."

Ijumaa asubuhi ufunguo wa gari la mikate ulikuwa mkononi mwa shangazi, na shemeji wa mwenye duka akabaki na leseni yake. Gari lenyewe ni la zamani kuliko letu. Halina ABS, halina hata sehemu ya taa yake. Sikio alilaza sikio kwenye boneti, akasema hili halina huzuni, limeshazoea.

Kuna asubuhi moja, miezi imepita, matokeo yangu yametoka na sitaki kuyaongelea, shangazi alisimama mlangoni kwetu kabla ya mzunguko wake, akamshushia mama mkate mmoja. Akaushika kidogo kabla ya kumpa. Akaurusha mkono wa kulia, akaurusha wa kushoto, akarudisha wa kulia.

"Wifi," akasema, "huu unaunguza."

"Mkate wa asubuhi huwa wa moto."

"Najua. Lakini huu unaunguza." Akaurusha tena, hampi mama, hauweki chini.

Baba akatoa kichwa dirishani akamwambia atoe hilo gari mlangoni, limepakiwa vibaya, matairi hayaangalii ukuta.